Tuta

Nimelipima tena leo, tarehe mbili Novemba,
kwa futikamba na fimbo mbili zenye milia myekundu.
Kimo: mita moja na sentimita arobaini.
Mwaka jana, arobaini na tatu.
Sentimita tatu si kitu, atasema ami Wigbert,
hata mvua hula zaidi ya hapo.

Mvua haili kwa mstari ulionyooka, ami.
Mvua haiachi meno ya plau.

Hapa nje ya Wennerode, ambapo barabara hupinda
kwa sababu asiyoikumbuka mtu,
walichimba mitaro miwili, udongo wakaurundika katikati:
upande huu ng'ombe wa askofu,
upande ule ng'ombe wa bwana asiyemwamini askofu.
Juu wakapanda miche ya mti mgumu kama pembe,
na kabla haijakomaa wakaikunja,
tawi juu ya tawi, miiba katikati,
kama mtu asukaye ukili,
wakapata mkeka wa kusimama
ambao hakuna aliyeulalia.

Aliyekata tawi alikatwa mkono, bibi alisema.
Bibi alisema mengi.

Samaki hukunjwa angali mbichi; na miti pia.
Waliokunja wamekufa, na mabwana zao, na ng'ombe,
na vizazi kumi na tano vya miti.
Lakini hata machipukizi ya leo
huinuka kutoka visiki vilivyopiga magoti,
na mbweha amechimba mlango chini yake,
analala kichwa kwa askofu, mkia kwa yule mwingine.

Tulikuwa na ua wa pili, wa waya na taa na mbwa,
hatua mia mbili mashariki.
Ule ulidumu miaka arobaini tu,
na ulipoanguka watu walikumbatiana barabarani,
wakaenda na vipande vya waya
kuviweka kabatini, karibu na vikombe vya harusi.
Hili hakuna aliyelibomoa.
Hakuna aliyelililia.
Nyasi zilikuja, basi.

Aliyelila ni babu yangu, Aloys.
Alianza majira ya baridi ya njaa, baada ya vita:
mfuo mmoja wa plau kila mwaka, usiozidi upana wa kiatu,
maana mwizi mwenye haraka hukamatwa.
Akapanda viazi.
Baba alivila, ami alivila,
nami nilivila na chumvi na siagi,
nikaongezwa, nikarefuka, nikasoma,
nikarudi na kitambulisho cha idara ya makumbusho
na fimbo mbili zenye milia.

Mwezi uliopita niliwaleta watoto wa shule.
Jorinde, asiye na meno ya mbele, aliuliza
linamzuia nani sasa.
Hamzuii mtu, nikamwambia, sisi ndio tunalilinda.
Mpaka lini?
Nilifungua mdomo kujibu
nikapata nusu tu ya jibu: mpaka.

Barua iko garini. Kifungu cha sheria, kiasi cha faini,
anwani ya Hunold, sahihi ya Hunold.
Nimeiandika mara tatu.
Mara ya kwanza ilianza na "Mpendwa ami";
nikafuta.

Nimemkuta kando ya trekta, anakunywa kahawa ya chupa.
Ameisoma amesimama, miwani ikiwa kwenye paji la uso,
yaani hakuisoma.
Akauliza, uliposhika ile fimbo, ulisimama wapi?
Juu, nikasema.
Kila mwaka?
Kila mwaka.
Akazitazama buti zangu, tope mpaka kifundoni,
tope jekundu la huko juu,
akamimina kahawa iliyobaki kwenye kifuniko
akanipa.

Nimerudi kuchukua fimbo niliyoisahau.
Nimepanda kwa magoti na viganja,
nikichagua pa kukanyaga,
na bado udongo kidogo
uliporomoka kuelekea shambani.